Mihogo ya Usiku Mmoja

Mei 17
Dokta Mudathiri amegawa madaftari kwa watu wote wa mradi, eti tuandike ya kazini. Ya kazini yana fomu zake, tena nyingi hadi zinachosha mkono. Humu nitaandika yangu.

Leo ya kwangu ni haya. Maharage ya Mama yameungua. Mvua ilipiga Machi bila kupumzika, kisha ikakatika kabla maganda hayajajaa. Tumeng'oa shamba zima, tumepiga na kupeta, na tumepata debe ambalo halikujaa. Mama amelitikisa mara mbili, kama vile lingeongezeka.

"Mwaka huu ni mihogo na kisamvu," amesema. "Mboga na ugali vya mti mmoja."

Mei 24
Nimerudi bonde la Kagezi kuweka mitego. Nilizaliwa huku huku Nyakitonto, kilima cha pili kutoka hapa, lakini nikivaa kizibao cha mradi watoto hunitazama kama mgeni kutoka Ulaya. Kazi yetu ni wanyama wadogo wa porini. Sengi mwenye madoa, yule mdogo wa pua ndefu kama mkonga, ndiye mwenye cheo, kwa sababu amebaki kwenye ukanda mwembamba wa msitu kando ya mto na wawindaji wa nyavu wanammaliza. Wengine ni ndezi, fuko na panya wa kila namna. Tunawatega, tunawapima, tunachukua damu yao, tunajua wana magonjwa gani, kisha wengi tunawaachia.

Chini ya msitu ndipo yalipo mabwawa ya kuvundikia mihogo. Mihogo ya huku ni michungu. Ukiila hivi hivi utazikwa nayo. Kwa hiyo wanawake humenya, huitosa bwawani na kuigandamiza kwa mawe. Siku ya nne huingia majini hadi magotini kuiopoa ikiwa imelainika na kunuka. Nilimkuta wifi yangu Uwimana, mke wa mdogo wangu Nestori, amezama hadi kwenye mapaja, kanga kaikunja kiunoni.

"Mama Panya!" akaniita mbele ya wenzake. "Leo umeolewa na panya wangapi?"

"Saba. Mmoja ameniuliza habari zako."

Wakacheka mpaka mihogo ikawaponyoka. Uwimana ana kidonda kwenye kisigino, jembe lilimteleza wiki iliyopita. Nilimwambia akifunge. Akasema kitajifunga chenyewe.

Juni 3
Mitego hamsini. Panya tisa, chura mmoja. Chura tumemwomba radhi.

Juni 5
Divine, binti wa Nestori, ana miaka minane na akisikia pikipiki yangu hakuna wa kumzuia. Hukimbia kutoka mlangoni hadi mwisho wa migomba, miguu haigusi chini. Ni lazima apande tanki la mafuta mbele yangu tuingie naye uani kama maharusi. Leo amenikuta mbali kuliko kawaida, karibu na barabara. Nimemgombeza. Hajasikia.

Juni 9
Uwimana ana homa. Zahanati wamempa dawa ya malaria.

Juni 11
Misuli ya miguu inamuuma kiasi kwamba hataki shuka imguse. Macho yamegeuka rangi ya manjano. Nimempakia kwenye gari la mradi bila kumwomba Dokta ruhusa, tumempeleka hospitali ya Kasulu. Njiani alikuwa ananiuliza nani ataopoa mihogo yake. Nikamwambia panya wangu watamwopolea. Hakucheka.

Juni 13
Amefariki alfajiri. Figo zilisimama. Nestori alikuwa nje akinunua uji.

Juni 15
Tumezika. Watu walikuja kutoka Makere mpaka Kasanda, wamekaa kimya na kupiga makofi yale ya taratibu ya kupeana pole. Mama ameshika kichwa cha Divine kwenye mapaja yake siku nzima. Mtoto aliuliza jambo moja tu: kama mama yake alikuwa amevaa soksi. Nilienda chumbani nikalia kwa sauti ya kuniaibisha.

Kuna mwanamke mwingine wa kitongoji chetu amelazwa na macho ya manjano. Naye ni wa bwawani.

Juni 28
Majibu ya maabara ya Morogoro yamefika. Panya shamba tuliowanasa kwenye mabwawa wana vijidudu vya homa ya mgunda kwenye figo, tena wengi wao, kuliko mahali popote tulipotega. Panya huja usiku kula mihogo iliyolainika, hukojoa majini, na asubuhi wanawake wanaingia na vidonda vyao miguuni. Damu ya Uwimana, iliyochukuliwa Kasulu, ina vijidudu hivyo hivyo.

Nimesoma karatasi nikiwa nimesimama. Mei nilikuwa pale, nimevaa mabuti, nina mtego mkononi, na nimekiona kile kisigino. Sitaki mwingine aingie kwenye maji yale. Hata mmoja.

Julai 2
Mkutano wa kitongoji. Dokta Mudathiri alikuwa aongee, lakini yeye ni mtoto wa wenye maduka wa Kibondo, Kiswahili chake kimenyooka mno, watu wanamsikiliza kama redio. Akaniachia mimi.

Nikasema. Niliwaonyesha picha ya Uwimana kwenye simu, jambo ambalo sikulipanga. Nikasema asiingie mtu bwawani, mkubwa wala mtoto, wala kunawa. Nikasema na panya tuachane nao: asitege mtu ndezi, asichimbe fuko, asiguse sengi, nyavu zichomwe. Dokta alikuwa ametaka tutenganishe. Sengi tumkataze kwa sababu anaisha, ndezi tueleze namna ya kumchuna kwa usalama na kumpika aive. Mimi niliona maelezo marefu ni mwanya wa ubishi. Watu wetu nawajua, vichwa vigumu, ukiwapa mlango nusu wanapita wote. Nikafunga yote mzigo mmoja.

Mwanamke mmoja nyuma aliuliza, "Sasa tuvundike wapi?"

"Nyumbani. Kwenye ndoo."

Sikufikiria hata kidogo. Nilishamgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti Marselino hapendi maneno mengi. Alisimama akasema atakayeonekana bwawani au na nyama ya porini atatoa kuku. Kuku! Mkutano ukaguna wote.

Julai 9
Nilitegemea ubishi, nimekuta utii. Mabwawa yote matatu ni matupu, mawe ya kugandamizia yamepangwa kando. Mama kaweka ndoo tatu nyuma ya jiko, na kila anayepita anaonyeshwa.

"Nyumba ya Epifania ndiyo ianze," amewaambia, akinionyesha mimi. "Wasije wakasema anakataza wengine, kwao wanafanya."

Nestori amechoma wavu wake wa ndezi uani. Alikuwa ameusuka na marehemu baba, jioni nyingi. Aliutazama mpaka ukaisha, kisha akaingia ndani. Nilijisikia fahari, kwa nini nidanganye.

Julai 21
Kamera ya msituni imemnasa sengi jike na mtoto wake, mchana kweupe, wanapekua majani kwa pua zile ndefu. Miaka miwili hatujapata mtoto! Dokta alinikumbatia, kisha akakumbuka dini yake na adabu zake, akaniomba radhi. Tumecheka sana.

Agosti 4
Hakuna homa mpya tangu katikati ya Julai. Aliyekuwa amelazwa karudi nyumbani. Dokta anaandika ripoti na anataka picha ya bwawa lililoota majani.

Agosti 11
Bomba la kijiji linatoa uzi wa maji. Foleni ya madumu imefika hadi kanisani. Nimelala kwa Mama. Ugali ulikuwa na uchungu kidogo kwenye koo, kisamvu bila karanga, chumvi tu.

"Mama, mihogo hii mmeivundika vizuri?"

"Ego, tumeivundika. Ndoo haiwezi kukaa siku nne, maji ya kubadilisha yatoke wapi? Usiku mmoja, kesho yake juani. Jua linamalizia."

Divine alikula, akaomba tena. Nimekula na mimi. Adabu ya nyumbani ni kumaliza sahani.

Agosti 12
Kichwa kinauma, nimetapika mara moja. Nadhani ni jua.

Agosti 23
Joto. Vumbi. Mitego hamsini, panya wanne. Bwawani hawaji tena, hakuna cha kula.

Agosti 30
Nimeingia uani na pikipiki, Divine hakuja kunipokea. Alikuwa mlangoni ameshika mwimo. Nikampigia honi, akatabasamu akabaki pale pale. Nikadhani ameanza kukua, anaona haya kupanda tanki. Nikamtania kwamba sasa ni mchumba wa watu.

Mama alisema mtoto analalamika magoti mazito. Nikamwambia ni kukua.

Septemba 6
Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Nestori alinipigia asubuhi nikiwa nakusanya mitego. "Dada, Divine hawezi kusimama." Jana jioni alikwenda vizuri chooni, leo kaamka, kashuka kitandani, miguu ikakataa. Hana homa. Hana maumivu. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele yake migumu, vidole vimeelekea chini. Nilimwinua kwapani. Akasimama kwa ncha za vidole, magoti yakagongana, yakapishana kama mkasi. Akacheka kidogo kwa aibu, kama mtu aliyefanya kosa.

Kasulu walitushughulikia haraka, walihofia polio. Wakachukua vipimo. Kisha akaja daktari mwanamke, mkubwa kidogo kwangu, akamgonga magoti kwa kinyundo na miguu ikaruka mno. Akavuta kiti.

"Kwenu mnakula nini?"

Nestori akamjibu: ugali wa mihogo na kisamvu.

"Mihogo michungu?"

"Ndiyo."

"Maharage?"

"Yaliungua shambani."

"Mnaivundika siku ngapi?"

Nestori alinitazama. Nikajibu mimi. Usiku mmoja, kwenye ndoo.

"Kwa nini usiku mmoja? Watu wa huko wanajua kuvundika."

Nestori ndiye aliyesema, "Tulikatazwa bwawa."

Daktari akaandika. Akauliza tena, hata hakuinua kichwa, "Na nyama? Hata kidogo? Samaki, mayai, hata panya? Vijijini watoto wanajipatia panya wao."

Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajasema. Nestori akasema kwa sauti ya chini, "Panya nao tulikatazwa."

Alitueleza polepole. Mihogo michungu isiyovundikwa inabaki na sumu. Mtu mwenye nyama au maharage tumboni mwili wake una cha kuivunjia hiyo sumu, anaumwa kichwa, yanapita. Asiyekuwa navyo, wiki baada ya wiki, sumu inaingia kwenye mishipa inayoamuru miguu. Inakuja siku moja, kama ilivyokuja. Haiui. Haiendelei. Wala hairudi nyuma.

"Hairudi?" akauliza Nestori.

"Mazoezi yatasaidia kidogo. Atatembea na fimbo. Hivi alivyo leo ndivyo atakavyokuwa."

Kisha akauliza, kwa hasira ya haki kabisa, "Ni nani huyo aliyekataza vyote viwili kwa wakati mmoja?"

Nikasema ni mimi.

Akafunga kalamu. Afadhali angenitukana.

Septemba 7
Nestori amekaa upande wa pili wa kitanda. Tumepeana zamu ya kumgeuza mtoto bila kuongea. Jioni alisema, "Uwimana aliuawa na panya. Sina wa kumlaumu, panya ni panya." Hakumaliza, na sikumwomba amalize.

Septemba 9
Nimepita nyumba kwa nyumba. Watoto wengine wanne wana magoti mazito, na mama mmoja anayenyonyesha, yule yule aliyeniuliza avundike wapi. Anaitwa Niyubahwe. Sasa ndiyo nimejua jina lake. Alinikaribisha kigoda, akapiga makofi ya salamu, "Mwiriwe," akaniuliza habari za kazi. Alikuwa ameketi na hakuinuka. Kwenye kona ndoo yake ilikuwa na mihogo ya jana.

Kila nyumba niliyoingia ndoo zilikuwepo, zimefunikwa vizuri. Miaka yote nimelalamika kwamba watu hawa hawashiki wanaloambiwa.

Septemba 10
Nimemwaga unga wote wa Mama shimoni. Mama alinisaidia kubeba.

"Mama, kwa nini hukuniambia usiku mmoja hautoshi? Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa?"

Alifikiri. "Nilijua mihogo. Ya panya sikuyajua, na ya panya yalimuua mke wa mwanangu. Nikasema huyu amesoma, atakuwa ameyapima yote." Akachukua jembe afukie. "Ulisema, tukafanya."

Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana siwezi kulala.

Septemba 12
Mkutano tena. Nilisimama pale pale nilipokuwa Julai. Nikasema nilikosea. Nikasema rudini bwawani, siku nne kamili, lakini kwa mabuti, mwenye kidonda asiingie. Tule ndezi na fuko, wapikwe waive. Sengi tu ndiye aachwe.

Kisha mwanamume mmoja akauliza, "Kwa hiyo bwawa halina ugonjwa?"

"Linao."

"Na mihogo ya nyumbani?"

"Inayo sumu."

"Basi tukae na njaa tungoje mkutano wa tatu." Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwingine akaongeza kwamba mwezi ujao nitakataza maji.

Marselino aliinua mkono. Mjukuu wake ni mmoja wa wale wanne. Akaniuliza bila kupandisha sauti, "Epifania, tushike lipi?" Nikarudia. Akasema, "Haya." Lakini hakutaja kuku safari hii, na nilipoondoka hakuna aliyenisindikiza. Kwetu mgeni mbaya kabisa ndiye asiyesindikizwa.

Septemba 20
Dokta Mudathiri amekuja. Kwenye simu alikuwa amesema tusichanganye mambo, homa imeshuka na hilo ni kweli. Nikamkatia simu. Leo ameshusha kwa Mama gunia la maharage na madebe mawili ya dagaa wa Kigoma. Alikuwa na maneno ameyapanga, nilimwona akiyapanga garini. Divine akatoka akijiburuza kwa mikono kumwamkia, "Shikamoo." Dokta akasema marahaba, akakaa chini uani na suruali yake nzuri.

Wakati wa kuondoka aliniambia ripoti ataiandika upya, yote mawili yatakuwemo. Nikamwambia jina langu liwemo pia kwenye ile sehemu ya pili, sio ya kwanza tu.

Septemba 28
Nyumba chache zimerudi bwawani. Nyingine bado zina ndoo. Wanaogopa bwawa kuliko ndoo, na nani aliwafundisha woga huo.

Oktoba 3
Kamera imeleta sengi watano katika picha moja ya asubuhi. Msitu umejaa. Ni habari njema kuliko zote tangu mradi uanze. Nimezima kompyuta.

Oktoba 11
Mvua ya kwanza. Bomba limepata nguvu.

Oktoba 14
Nimeomba likizo, Dokta ametoa mabuti ya mradi yatumike bwawani. Nimemenya mihogo ya Mama na kuitosa bwawani mwenyewe. Siku ya nne nitaiopoa. Nikiwa majini Niyubahwe alikuja, ameletwa na dada yake mgongoni, ana mihogo yake kwenye beseni. Amekaa ukingoni akanipa mmoja mmoja, nami nikawa naigandamiza kwa mawe. Hatukuongea la maana. Alinionyesha tu kwamba jiwe langu moja limekaa vibaya.

Oktoba 18
Nimeopoa. Imelainika, inanuka kama inavyotakiwa. Naianika juu ya bati kwa zamu, mvua ikija naingiza.

Nestori amemchongea Divine fimbo mbili za mti wa mpera. Jana aliniomba nishike mwisho wa fimbo apime urefu. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu hospitali. "Shika hapo, Dada."

Oktoba 19
Nimerudi kutoka Kasulu mchana, mvua ya rasharasha. Nilizima pikipiki mbali, mwanzo wa migomba, nikaisukuma hadi uani Divine asiisikie. Alikuwa barazani anatazama wenzake wanaruka kwenye madimbwi. Fimbo kaziegemeza ukutani.

Nikakaa naye. Akaniegemea. Watoto walipiga kelele, mmoja akateleza akaanguka chali, Divine akacheka naye kwa moyo wote.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Mie sikukanyaga bwawani. Hata siku moja."

"Najua."

"Hata mpira wa makaratasi alioniachia Mama ulipotumbukia. Niliuona unakwenda, nikauacha. Muulize Baba." Akainua uso anitazame vizuri, aone kama nimeelewa. "Ulisema anayekanyaga ndiye anaumwa. Mie sikukanyaga."

Nikasema najua. Nikasema alifanya kama nilivyomwambia, barabara kabisa.

Akatikisa kichwa kukubali, akarudisha shuka kwenye magoti, na akabaki ananitazama, akingoja niendelee.